Wa Nyuma Hawajafika

Tulikuwa wanne, na Tabora nzima hapakuwa na wengine waliofanya kazi kama yetu. Kwaya zilikuwepo kila kanisa. Bendi ya matarumbeta ya misheni ilisikika kila sikukuu, na kule mtaani Ng'ambo kulikuwa na wazee waliopiga udi mpaka mtu akatokwa na machozi. Lakini watu wanne kukaa nusu duara, wakapiga fidla mbili, fidla nene moja na selo, bila mwimbaji wala ngoma, hilo watu walikuwa hawajaliona. Wengine walikaa mpaka mwisho, kisha wakatuuliza mwimbaji amepatwa na nini.

Aliyetufundisha alikuwa mmisionari wa Kizungu, mwanamke mrefu aliyeshika upinde wa fidla kama anavyoshika sindano mtu anayetaka kudarizi. Alipostaafu na kurudi kwao alituachia vyombo vyote pamoja na makaratasi ya nota. Alisema mbao zile zimeshazoea jua letu, akizirudisha kwenye baridi zitapasuka.

Fidla ya kwanza alipiga Mwalimu, aliyekuwa mkuu wa shule ya wavulana ya misheni. Alikuwa mwembamba, mkali, na alipiga kama anayesahihisha makosa ya watu wengine. Selo alipiga mkewe, Mama Mwalimu, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka. Wazee wa kanisa walilalamika kwamba si heshima mwanamke kukaa na chombo kikubwa namna ile katikati ya magoti, basi mimi nikamshonea sketi pana kama hema, na maneno yakaisha. Fidla nene alipiga kijana wa Ng'ambo, Mwislamu, karani wa simu relini. Babu zake walikuja Tabora na misafara kutoka Manyema wakabaki. Yeye alianza kwa kusimama dirishani siku za mapumziko yake, akisikiliza, mpaka yule mmisionari akamwambia aingie au aondoke, na akaingia. Mimi nilipiga fidla ya pili. Nilikuwa nikifundisha ushonaji katika shule ya wasichana, sijaolewa, nikiishi na bibi yangu aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Tulipiga kwenye harusi, kwenye sherehe za shule, na mara nyingine Bomani wakati Bwana Mkubwa alipokuwa na wageni wa chai. Tulipiga nyimbo za Ulaya zilizokuwa kwenye makaratasi, kwa sababu hatukuwa na nyingine.

Kisha relini wakampeleka karani kwenye stesheni ndogo ya magharibi, kwenye njia ya Kigoma, akashike nafasi ya mtu aliyekuwa mgonjwa. Alikaa huko miezi kadhaa. Alisema palikuwa na nyumba ya bati, tangi la maji, na miombo pande zote. Aliporudi alikuwa amekonda. Siku ya kwanza ya mazoezi alitoa karatasi alizoandika mwenyewe, sehemu zote nne, kwa kalamu ya risasi.

"Umetunga?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimetunga," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Au nimeokota. Sijui niseme nini."

Tuliupiga wimbo wake. Sehemu yangu haikuwa na wimbo hasa. Zilikuwa nota chache za chini, zikirudiwa na kurudiwa bila haraka, kama miguu ya watu wanaokwenda mbali. Selo ilikwenda nami. Fidla ya kwanza ilipita juu yetu kwa sauti ndefu, na fidla nene ikawa inaifuata nyuma, kila mara imechelewa kidogo. Katikati ya wimbo sote tulinyamaza. Baada ya pumziko hilo mwendo ulianza tena vilevile, ila fidla nene haikurudi. Karani alilaza upinde magotini akakaa kimya mpaka mwisho.

"Pumziko hili ni refu mno," Mwalimu alisema. "Watu watadhani tumesahau. Na wewe kwa nini hurudi?"

"Ndivyo ulivyo, Mwalimu."

"Si umeutunga wewe? Utunge vingine."

"Nimejaribu," karani akasema. "Haukubali."

Mama Mwalimu alicheka, lakini niliona amejifunika kanga mabegani, na jua lilikuwa kali.

Mara ya kwanza kuupiga mbele za watu ilikuwa Urambo. Wakulima wa Kizungu wa tumbaku walitualika Jumamosi alasiri, tukapiga ndani ya ghala lililofagiliwa. Wazungu walikaa mbele kwenye viti. Nyuma, karibu na mlango, walisimama wafanyakazi wao na watu wa vijiji vya jirani, na wazee walikaa chini wameegemea ukuta. Tulipiga za Ulaya, tukapigiwa makofi. Mwisho Mwalimu akasema tupige ule wa karani, maana ni wa kwetu.

Nilikuwa nimeinamia fidla yangu. Niliinua macho kwa sababu selo ilitetemeka, na Mama Mwalimu hakuwa mtu wa kutetemeka. Alikuwa anatazama mlangoni.

Wale wazee walikuwa wamesimama. Hakuna aliyewaambia. Walisimama mmoja nyuma ya mwingine, wanaume na wanawake, mstari mmoja ulionyooka, uso wa kila mmoja ukitazama kisogo cha aliyemtangulia. Kila mmoja alikuwa ameinua mkono mmoja juu ya kichwa, vidole wazi, kama anayezuia mzigo usianguke. Kichwani hapakuwa na kitu. Hawakucheza wala hawakutikisika. Tulipofika kwenye pumziko, ghala lote lilikuwa kimya mpaka nikasikia bati likilia kwa joto, na wale wazee walikuwa wamegeuza vichwa, wote kwa pamoja, wakatazama nyuma.

Kisha tukaendelea, nao wakarudisha nyuso mbele. Wimbo ulipokwisha walishusha mikono wakakaa. Wazungu walifurahi sana. Walidhani ni ngoma tuliyoipanga.

Nilikwenda kwa mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye ule mstari. Nikamwamkia, akaitika. "Mama, mlipokuwa mmesimama pale, mlikuwa mnafanya nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kusimama wapi, mwanangu? Magoti haya? Mimi tangu nimekaa sijainuka."

Tulirudi kwa treni. Mwalimu ndiye aliyesema, akitazama dirishani, kwamba wazee wengi wa pande zile walikuwa wapagazi enzi zao, na mwendo ule umewakumbusha. Lilikuwa jambo la akili kabisa. Tulikubali. Lakini kwa nini yule mama alikana, hilo hakulisema.

Mara ya pili ilikuwa Igunga. Tulifika kwa lori, tumekaa juu ya magunia ya pamba tukiwa tumekumbatia vyombo, tukapiga uwanjani baada ya ibada, asubuhi kweupe. Watu wa pale wengi ni wafugaji, nikajiambia hawa hawana habari na upagazi. Tulipoanza wimbo wa karani wakasimama vilevile. Na safari hii walitembea. Wazee wa kike kwa wa kiume walitoka uwanjani polepole kwa mstari, mkono juu, wakaelekea barabarani, na vijana wakawapisha kama watu wanaopisha jeneza. Kwenye pumziko walisimama. Mzee mmoja wa mwisho alijitenga kidogo, akainama, akapapasa vumbi kwa kiganja kama anayemlaza mtu, kisha akarudi kwenye mstari. Mwalimu aliacha kupiga. Upinde ulimtoka mkononi. Wale wazee walibaki barabarani wamekodoa macho, wakiulizana wamefikaje pale.

"Sipigi tena," Mwalimu alisema tulipofika nyumbani kwake. "Mimi ni Mkristo. Wimbo huu si muziki."

"Hakuna aliyeumia, Mwalimu," karani akasema.

"Wewe utajuaje aliyeumia?"

Karani alianza kukunja karatasi zake. Mama Mwalimu alikuwa ameshika selo yake kwa mikono miwili. "Mume wangu, mimi naogopa kuliko wewe," alisema. "Lakini nikiwa napiga pale, kabla hatujanyamaza, nasikia kama kuna mtu anataka kuniambia kitu. Tukiuacha hatutajua ni nini."

"Basi tusijue," Mwalimu akasema, na kikao kikaisha.

Wiki zilizofuata tulirudi kwenye nyimbo za Ulaya. Mimi nilifanya mazoezi nyumbani saa za mchana nikitoka shule, nimekaa kwenye kigoda ukumbini, bibi yangu akiwa uani anamenya karanga. Alikuwa amezoea kelele zangu. Nilivyojua mimi, bibi alikuwa Mnyamwezi kama sisi sote. Alizungumza Kinyamwezi nyumbani na Kiswahili sokoni, na mambo ya utotoni kwake hakuyasema. Nikimuuliza alikuwa akiniambia, "Nilikuwa mdogo, nikakua." Ndiyo ilikuwa hadithi nzima.

Siku moja vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye ule mwendo wa karani, zile nota chache za chini. Sikuwa nimekusudia. Nilikuwa nafikiria mambo mengine, nadhani kitambaa cha sare za wasichana.

Nilisikia ungo ukianguka. Kisha nyayo. Bibi aliingia ukumbini akasimama nyuma ya kigoda changu, karibu kabisa, pumzi yake ikinigonga shingoni. Niligeuka nikaona mkono wake uko juu ya kichwa. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yananitazama mimi. Akasema maneno kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake wala pengine popote.

"Bibi," nikasema. "Bibi, ni mimi."

"Usiende haraka," akasema, sasa kwa Kiswahili, sauti nyembamba isiyo ya kikongwe. "Wa nyuma hawajafika."

Niliiweka fidla chini. Baada ya muda kidogo alishusha mkono, akauangalia, akaufuta kwenye kanga kana kwamba umeshika kitu kichafu. Nilitegemea naye atakana kama yule mama wa Urambo. Hakukana. Aliketi sakafuni akaniomba maji.

"Nani amekufundisha huo?" akauliza.

"Karani wa simu, Bibi. Yule wa fidla nene."

"Mwite."

Karani alikuja kesho yake alasiri, na sare yake ya relini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wimbo ule umeupata wapi?"

Alikaa mkekani, akasema kweli yote, ambayo hata sisi alikuwa hajatuambia. "Kule stesheni, bibi, mchana treni ikishapita hakuna mtu. Nikasikia nyaya za simu zinalia. Nyaya hulia kwa upepo, ni kawaida. Lakini siku hiyo nikasikia zinakwenda kwa hatua. Nikatoka nje niangalie. Hakukuwa na upepo. Nikashika nguzo kwa mkono, nguzo imetulia, haina sauti kabisa. Sauti ilikuwa inatoka kwenye miti, inapita mbele ya nyumba, inaelekea mashariki. Ilipita siku nyingi, saa ileile. Mahali fulani ilikuwa inasimama, kisha inaondoka, imepungua sauti moja. Niliiandika nisije nikapata wazimu."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani. Kisha akatuambia. Hakuwa Mnyamwezi. Alitoka ng'ambo ya ziwa la Kigoma, akachukuliwa pamoja na mdogo wake wa kiume, wote watoto. Walitembea na msafara siku nyingi. Mtu wa mbele aliimba wimbo ule ili wa nyuma wajue mwendo, na mtu akishindwa kuendelea, mwimbaji alinyamaza. Walisimama kidogo. Mtu yule aliachwa kando ya njia, na wimbo ukaanza tena.

"Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu," bibi alisema. "Wimbo ukanyamaza. Nikageuka, nikaambiwa tazama mbele. Mkono wangu ulikuwa juu, nashikilia mzigo. Sikuushusha." Aliunyosha mkeka kwa kiganja. "Mimi niliugua hapa Tabora, wakaniacha kwa mwanamke mmoja akanilea. Nikawa Mnyamwezi. Kulikuwa na ubaya gani?"

Karani alikuwa analia waziwazi. Bibi hakulia. Alisema, "Nataka niusikie wote. Waleteni wale wenzenu."

Mwalimu alikataa kwanza. Mkewe alimwambia kitu ambacho sikukisikia, wakaja wote wawili, yeye amebeba selo mgongoni kama mzigo wa kuni ili mkewe asichoke. Tulikaa uani kwetu kabla ya magharibi, jua bado lipo. Nyuma ya ua kulikuwa na uzio wa minyaa, na ng'ambo ya uzio nyumba ya jirani aliyekuwa amehamia shambani kwa msimu, milango imefungwa. Bibi alikaa kwenye kiti mbele yetu, amevaa kanga zake za kanisani.

Tulipoanza hakusimama. Alishika mikono ya kiti kwa nguvu. Nilipiga polepole kuliko siku zote, na hakuna aliyenikataza. Mwalimu alifumba macho. Tukafika kwenye pumziko, tukanyamaza.

Bibi aliita jina. Aliita kama mtu anavyomwita mtoto wakati wa chakula, sauti ya juu, mwisho imevutwa. Sitaliandika hapa jina hilo. Ni lake.

Nyuma ya minyaa mtoto akaitika.

Lilikuwa neno moja fupi, na sikulielewa. Halikuwa Kiswahili wala Kinyamwezi. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyekuwa karibu tu, anayejua anaitwa na nani, tena amechoshwa kidogo na kungojea. Sote tulilisikia. Nilimwona Mama Mwalimu akigeuka upande ule ule niliogeukia mimi. Katika hofu ile nikasikia fidla nene imeanza kulia. Karani alikuwa anapiga mahali ambapo siku zote hukaa kimya, macho yamemtoka, anautazama mkono wake mwenyewe. Nikaingia. Selo ikaingia, Mwalimu akaingia, tukaenda wanne mpaka mwisho. Fidla nene haikuchelewa tena nyuma. Ilitembea katikati yetu.

Baada ya hapo Mwalimu alizunguka uzio akiwa na fimbo. Alirudi akasema hakuna mtu, hata majani hayajakanyagwa. Bibi alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha raha, mkono mdomoni. "Amekasirika," alituambia. "Alikuwa hivyohivyo."

Nyumba yetu haikuwa ileile tena. Bibi alianza kuzungumza, mambo mengi ya kwao, mito, vyakula, majina ya mbuzi, na mara nyingine alizungumza lugha ile nikiwa chumba cha pili, kisha akanyamaza kama anayesubiri jibu. Nisingeweza kusema kwamba nilizoea. Nikitoka shule mapema nilikohoa barazani kabla ya kuingia. Lakini alikula vizuri, alilala vizuri, na alipofariki, mvua za mwaka uliofuata, alifariki mchana akiwa amelala ubavu, mkono umenyooshwa mkekani kama umeshikwa.

Sisi tuliupiga wimbo ule mara nyingi baadaye, wote wanne mpaka mwisho. Tuliupiga Nzega, tukaupiga tena Urambo katika ghala lile lile, na mpaka Dar es Salaam kwenye redio, siku ambayo Mwalimu alinunua viatu vipya. Hakuna aliyesimama tena. Wazee walikaa wakasikiliza, wengine wakasinzia. Mwalimu alimshukuru Mungu. Karani, safari moja kwenye treni, aliniambia, "Sasa umekuwa wimbo tu," na nilishindwa kujua kama amefurahi. Hakutunga mwingine. Nilimuuliza, akasema alikwishaomba apelekwe tena stesheni ile ya magharibi, akapelekwa, akakaa kila mchana nje ya nyumba ya bati, na alichosikia ni nyaya.

Kundi letu liliisha kama yaishavyo mengi. Mwalimu alihamishiwa shule nyingine mbali na reli, na selo ikapata ufa kiangazi kimoja, fundi seremala wa Ng'ambo akaiziba kwa gundi ya ngozi lakini sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Mara ya mwisho tulipiga kwenye harusi ya karani mwenyewe, Mwalimu na mkewe wakiwa wamekuja kwa likizo. Shangazi zake walikuwa wamealika watu wa udi pia, na ngoma mbili za dumbaki, na wanawake walikuwa na vigelegele vya kutosha mji mzima. Tulipiga nyimbo tatu pembeni ya ua. Sidhani kama kuna aliyetusikia. Mama Mwalimu aliniinamia akaniuliza kama tumalize au tukale pilau kabla haijapoa, tukaweka pinde chini tukaenda kula.